Nukta nyingi, ndege nzito

Mpwa wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na tisa, alinijia usiku mmoja baada ya Isha amekunja uso. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijaitika vizuri akaongeza: "Nataka unisaidie kumwambia mama aachane na habari ya urubani. Mimi si mtu wa ndege."

Nilishtuka, kwani kijana huyu tangu hajang'oka meno ya utotoni hana wimbo mwingine. Nikamwuliza kumezidi nini. Akanieleza kwamba kila akijaribu kutua Manda, katika ile simuleta ya ndege aliyo nayo kwenye kompyuta ya nyumbani, ndege hudunda kama mpira kisha ikaacha njia. Zamani alikuwa akitua barabara. Zamani lini? "Kabla ya kioo kipya, mjomba."

Basi hapo ndipo penye maneno yangu ya leo.

Kioo chenyewe kilinunuliwa kwa fedha za mchezo. Dada yangu alingoja miezi kumi zamu yake ifike, na zile fedha alikuwa amezipangia paa la nyuma linalovuja. Mwenye duka akamwambia kijana kwamba kioo cha 4K ni sawa na kukaa ndani ya ndege yenyewe. Paa likangoja. Sasa duka lile lile linamwambia kuwa kompyuta yake ni dhaifu, anunue prosesa mpya. Na zamu nyingine ya mamake i karibu.

Mimi si fundi wa mitambo hii. Elimu yangu ya kwanza ni ya chuoni, ubao na wino wa masizi, kisha nikaingia katika magazeti na tungo. Lakini nilikaa na kijana jioni tatu, nikauliza wanaojua, na nimeona kwamba jambo hili ni hesabu ambayo hata mtoto wa chuo angeimaliza.

Picha ya kompyuta hufumwa kwa nukta, ambazo mafundi huziita pikseli. Kioo cha zamani cha kijana kilikuwa na nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Hiki kipya kina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Ni mara nne kamili. Kadi ya michoro iliyomo ndani ya kompyuta ndiyo inayozipaka nukta hizo rangi, na haizipaki mara moja ikapumzika: hupaka picha nzima, ikaanza nyingine, mara 30 au 60 kwa kila sekunde. Kadi ya kijana haikubadilishwa. Ni ile ile.

Chukua watoto wawili wa chuo, mkono wao mmoja kwa wepesi. Huyu mpe ubao wa kawaida, na yule mpe ubao ulio mkubwa mara nne, kisha uwatake wote waujaze kabla ya Adhuhuri. Yule wa pili akichelewa, ukamchapa bakora, wewe mwalimu ndiye mwenye kosa.

Lakini pana jambo la pili, na hili ndilo ambalo wauzaji hawalisemi. Ndani ya kompyuta hamna mfanyakazi mmoja, wamo wawili. Prosesa hupiga hesabu: ndege iko wapi, upepo unavumaje, ndege nyingine zinakwenda wapi, majengo gani yaonekane. Kadi ndiyo inayochora. Na kazi nzima hufuata mwendo wa yule aliye mzito zaidi. Prosesa haijali sana kioo kina nukta ngapi. Kadi ndiyo inayobeba mzigo huo. Kwa hiyo anayetaka kujua nani anamchelewesha, na ashushe idadi ya nukta katika mipangilio, arudie safari ile ile, kwa saa ile ile na hali ya hewa ile ile. Mwendo ukipanda, mwenye kuchoka alikuwa kadi. Usipopanda, ni prosesa.

Tukafanya hivyo. Tukapaa kutoka Manda, anga nyeupe, bahari chini. Katika nukta zote za 4K picha hazikufika 20 kwa sekunde. Tuliposhuka hadi 1920 kwa 1080 zikapita 45. Kisha tukaenda Heathrow, London, penye majengo na ndege tele. Huko tuliposhusha nukta mwendo ulipanda kidogo, kisha ukagoma kabisa. Kumbe mwenye duka hakusema uongo mtupu: kwa Heathrow prosesa ni nzito. Ila kijana wangu hafanyi mazoezi Heathrow. Yeye ni Manda, Malindi na Mombasa, na huko prosesa mpya ingekuwa fedha za dada yangu kutupwa mkondoni.

Na kwa nini alikuwa akidunda? Kutua ni kazi ya vipimo vidogo. Rubani huinua pua ya ndege kidogo kabla magurudumu hayajagusa lami, jicho likimwambia mkono. Picha zikiwa chache, jicho hupata habari zilizokwisha kupita. Mkono huvuta zaidi ya haja, ndege ikapaa. Kijana akashtuka, akasukuma, ikaanguka. Akadhani ni upungufu wake. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko fedha, kwamba mtoto alitaka kutupa tamaa ya maisha yake kwa sababu ya kioo.

Simwambii mtu arudi kale. Simuleta ya Microsoft ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1982, kadi za rangi za kompyuta zile zilichora nukta 320 kwa 200, yaani 64,000 tu, na watu wakajifunza nazo kuruka Chicago. Leo vyombo vya ndege za kisasa ni vioo vyenye tarakimu ndogo ndogo, na kwa nukta chache kijana hulazimika kusogeza uso asome mwendo na kimo. Nukta zina faida yake. Kioo cha 2560 kwa 1440, chenye nukta 3,686,400, kingekuwa mzigo wa wastani, na lau angeuliza kabla ya kununua ningemwambia achukue hicho.

Lakini kioo kimekwisha nunuliwa, na duka halirudishi. Ziko hila. Simuleta huruhusu kuchora ndani kwa nukta pungufu, kisha picha ikatanuliwa ijaze kioo. Na kadi nyingine zina ufundi wa kutanua, kama DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD. Ufundi huo nao una ila: mara nyingine tarakimu zinazobadilika kwa haraka huacha kivuli nyuma yake. Jambo jingine ni joto letu la Mombasa. Kadi ikipata moto hupunguza mwendo wake yenyewe, na ile ya kijana tulipoifungua tulikuta vumbi la kuwanda.

Wauzaji wanauza nukta kama wauza nguo wanavyouza mita, nyingi ndiyo bora. Sisi watunzi twajua ukizidisha mizani shairi haliimbiki, hata maneno yawe ya dhahabu.

Tulisafisha vumbi, tukashusha uchoraji wa ndani hadi theluthi mbili kwa upana na kwa kimo, tukafunga mwendo kwenye picha 30 zilizo sawa, kwani 30 zisizotetereka ni bora kuliko 50 zinazokatika. Kijana akazunguka juu ya Shela, akaiangalia njia, akashuka. Akadunda mara moja. Mara ya tatu magurudumu yaligusa, na ndege ikabaki chini.

Zamu ya dada yangu ni mwezi ujao. Fundi wa mabati amekwisha kuja kupima.