Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Michezo ya Likizo

Lubumbashi

Mheshimiwa Bwana Msimamizi,

Baada ya salamu na taadhima, ambazo malezi ya wazee wangu hayaniruhusu kuziacha hata nikiwa na ghadhabu, naomba kukukumbusha asubuhi ile ya Julai iliyopita, ambapo wasaidizi wako waliwapanga watoto mstari mmoja, wakawaamuru waruke kwa mguu mmoja na kudaka mpira mara tatu, na mwanangu wa miaka tisa, aliyeukosa mpira mara zote tatu kisha akaanguka, akatolewa mstarini mbele ya wenziwe na kuambiwa arudi kwa mama yake, kwani michezo ya likizo si ya wazembe. Ada hatukurudishiwa, hilo nimelisamehe.

Nisilolisamehe ni kizingiti. Tangu siku ile, kila alasiri ifikapo saa kumi, mtoto huketi kizingitini pa nyumba yetu na kuhesabu mabao ya watoto wa jirani, na wakimwita hujibu kwamba amechoka, ilhali kutwa nzima hajafanya lolote la kumchosha.

Si mzembe, wala hakurogwa kama alivyotunong'oneza mama mmoja wa mtaani. Waganga wa watoto waijua hali hii: ubongo hupanga mwendo wa viungo kwa taabu, hata kufunga vifungo vya shati, kushika kalamu na kudaka mpira kukawa kazi ya kurudiwa mara nyingi kuliko kwa wengine, ingawa akili ni timamu. Wao hukadiria watoto watano au sita katika kila mia, yaani wawili watatu katika darasa la watu hamsini, na madarasa yetu, tangu shule ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, Bwana Msimamizi wayajua yalivyofurika. Wanasema tena kwamba mtoto wa namna hii, akichekwa, huuacha mchezo. Na akiuacha, mwili wake hukosa mazoezi yaliyokuwa yamfae kuliko mwili wa mtu mwingine yeyote, kisha marafiki humpotea mmoja mmoja, na huzuni ikachukua nafasi yao. Sikuhitaji kitabu kuniambia hayo. Nakiona kizingiti kila nirudipo kazini.

Najua mji wetu wapenda washindi. Mimi mwenyewe mwaka 2010, klabu yetu ya Mazembe ilipofika fainali ya kombe la dunia la vilabu kule Abu Dhabi, nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Lakini klabu hiyo hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface ili wanafunzi wao wapate mchezo wa kujiburudisha; na bahati iliyoje, Mheshimiwa, kwamba wasaidizi wako walikuwa bado hawajazaliwa.

Mkataba wa haki za mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, wampa kila mtoto, katika ibara ya 31, haki ya kupumzika na kucheza. Nimeisoma ibara hiyo mara mbili, sikuona pahali palipotajwa kudaka mpira.

Naomba basi mtihani ule ufutwe. Na itengwe saa moja ya uwanja ambayo hakuna anayehesabu mabao, wala anayechagua timu, wala anayepuliza kipenga. Si ombi la gharama. Ingawa, kwa jinsi viwanja vya mitaa yetu vinavyokatwakatwa na kuuzwa, vikazungushiwa kuta na kufanywa maghala, huenda karibuni watoto wote wa Lubumbashi, wadakao na wasiodaka, wakaketi kizingitini pamoja, nanyi mkaondokewa na taabu ya kuwatahini.

Likizo kuu yaanza tena Julai. Viatu nilivyomnunulia mwanangu kwa michezo yako, katika soko la komini ya Kenya, vingali ndani ya sanduku lake; mama yake alimjaribisha juzi, vidole vimekwisha kugusa mbele. Nijibu kabla havijamkataa.

Mimi, mzazi wako mtiifu.