Dini Imeandikwa, Roho Haijaulizwa

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, mgonjwa anapofunguliwa faili huulizwa jina, umri, makazi, kazi na dini. Jibu la swali hilo la mwisho huwa neno moja tu, kisha faili huendelea na joto la mwili, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Neno hilo lina faida yake: husaidia kujua aitwe padri au sheikh, na mwili utunzweje endapo mauti yatafika. Lakini halielezi kile kinachomzuia mtu huyo asikate tamaa, wala kile kinachomtia hofu usiku, wodi inapokuwa kimya.

Kiswahili chenyewe hutenganisha mambo haya mawili. Dini ni njia inayofuatwa na watu wengi kwa pamoja. Ina mafundisho, ibada zenye nyakati zake, viongozi, vitabu, miiko na nyumba za kusalia. Roho ni jambo jingine. Mtu husemwa ana roho nzuri au roho mbaya, roho yake imetulia au iko juu, bila yeyote kuuliza anasali wapi. Hata neno uroho, ambalo kwa umbo lake lingeweza kubeba dhana hii, tayari limeshikwa na maana ya ulafi. Ndiyo maana husemwa “hali ya kiroho” au “maisha ya kiroho”. Kwa maana inayofaa kazi ya tiba, hali ya kiroho ni namna mtu anavyopata maana ya kuishi na ya kuteseka, na namna anavyofungamana na nafsi yake, na watu wake, na Mungu au chochote anachokiona kitakatifu.

Kwa wengi mambo haya mawili hukaa pamoja, na hapana ubaya. Dini ni nyumba, na roho ndiye mkaaji. Aliyepata nyumba imara ana bahati. Hata hivyo, kuijua nyumba si kumjua mkaaji wake. Wagonjwa wawili wa saratani wanaweza kuandikwa “Mkristo” katika vitanda viwili vinavyopakana. Mmoja huishi kwa nyimbo za kwaya yake na hungoja Jumapili kama mtu angojaye dawa. Mwingine hajaingia kanisani kwa miaka mingi, na amani yake huipata shambani akiwa na wajukuu. Vivyo hivyo, neno “Mwislamu” katika faili la mwenye kisukari halimwambii daktari iwapo mgonjwa huyo amekusudia kufunga Ramadhani, jambo ambalo hubadilisha kipimo na saa za dawa.

Msimamo kwamba roho ni sehemu ya tiba si mgeni katika taaluma. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana sehemu nne: ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho, na kwamba sehemu moja ikiachwa, nyingine hazitulii. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa dhati, lakini nyumba yake ilipokea watu wa dini zote na wasio na dini. Fikra hiyo ilifika Nairobi Hospice mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman, mwaka 1993. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani liliyataja maumivu ya kiroho katika maana rasmi ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, pamoja na familia yake.

Kinachopotea pale roho isipoulizwa huonekana wodini. Yuko mgonjwa anayekataa mofini, si kwa kuogopa dawa, bali kwa kuamini kwamba maumivu ni adhabu anayostahili kuimaliza. Daktari akiongeza maelezo juu ya dawa, hapati kitu, kwa kuwa tatizo haliko kwenye dawa. Yuko pia anayeacha kimyakimya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kuombewa, kwa kuwa kuendelea kumeza vidonge anakuona kuwa ni upungufu wa imani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Walikuwamo Waislamu, Wakristo wa madhehebu yasiyopatana, wasomi na wakulima. Mikusanyiko ile haikuwa ya dini moja. Ilikuwa ya watu waliotafuta tumaini, na wengi wao walikuwa na mafaili hospitalini. Kuwaita wajinga ni rahisi. Kujiuliza kwa nini tumaini lile hawakulipata, au hata kulizungumza, mbele ya mhudumu wao wa afya ni kugumu zaidi.

Husemwa kwamba muuguzi mwenye wagonjwa arobaini hana muda wa mazungumzo hayo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini mgonjwa aliyeacha dawa na kurudi akiwa mahututi hula muda mwingi zaidi. Tena kinachohitajika ni maswali machache: “Mama, katika siku hizi ngumu, ni nini kinachokutia nguvu?” “Kina uzito gani unapoamua kuhusu matibabu?” “Ni nani unaowategemea?” “Ungependa tukusaidieje katika hayo?” Maswali yaliyofanana na haya yalipangwa na daktari wa Marekani, Christina Puchalski, katika miaka ya 1990, na yanaweza kuulizwa wakati wa kupima shinikizo la damu.

Husemwa pia kwamba jambo hili litafungua mlango wa mahubiri wodini. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni kuijua tofauti yenyewe. Anayeuliza juu ya dini yake mwenyewe humvuta mgonjwa. Anayeuliza juu ya roho ya mgonjwa humsikiliza. Mhudumu hasali na mgonjwa asiyeomba kusaliwa, hashindani na imani yake, wala hamtangazii kwamba ugonjwa ni mapenzi ya Mungu. Swali likizidi uwezo wake, humwita kiongozi wa dini ambaye mgonjwa mwenyewe amemtaja, kama vile angemwita daktari bingwa. Na imani inapogongana na dawa, hueleza bila kebehi kwamba kusali na kumeza vidonge havipingani.

Vyuo vinavyofundisha madaktari na wauguzi havina budi kulifanya jambo hili kuwa sehemu ya mafunzo ya kumhoji mgonjwa, lisiachwe kwa huruma ya mtu mmoja mmoja. Mgonjwa naye ana haki yake. Akiona dawa inapingana na imani yake, au moyo wake umeelemewa na swali asilothubutu kumuuliza kiongozi wake wa dini, anastahili kulisema mbele ya muuguzi au daktari, waziwazi kama anavyosema mahali panapomuuma, na anastahili kujibiwa kwa heshima ileile.