Mkitaka kiingilio chetu, tupeni maji kwanza

Wiki mbili kabla ya shoo, mbogi yetu ya Kithyoko ilikuwa imeshachanga kila kitu: kiingilio, nauli ya Matuu, ya Thika, ya Nairobi, ya kurudi, na pesa kidogo ya chipsi usiku. Kitu kimoja tu hatukukipigia hesabu. Maji.

Langoni baunsa alikusanya chupa zetu zote na kuzitupa kwenye pipa. Zilikuwa chupa za plastiki, zimejaa maji tuliyotoka nayo nyumbani. "Hakuna kuingia na kinywaji," alisema, tena kwa upole. Kazi ni kazi. Huko ndani, jua la saa nane likiwa utosini, chupa ya nusu lita tunayonunua dukani kwa bob hamsini ilikuwa inauzwa soo mbili. Bomba halikuwepo. Ilipofika saa kumi na moja, msichana mmoja wa kundi letu alianguka. Waliokuwa karibu wakacheka, wakadhani amelewa. Hakuwa ameonja pombe hata tone. Alikuwa na kiu, na pesa aliyobaki nayo mfukoni ilikuwa ya nauli.

Tulichanga, akanywa, akapata nafuu, tukarudi salama. Sitataja shoo hiyo kwa sababu ukiwauliza marafiki zako watakuambia kisa kama hicho kuhusu shoo nyingine. Huu ni mtindo. Ninachotaka tuulizane leo ni huu mtindo tuliutoa wapi, na kama kuna mwingine.

Tamasha la muziki la nje, lile la jukwaa kubwa na umati uwanjani, tumelijua zaidi kupitia simu. Kila Aprili picha za Coachella hujaa kwenye taimulaini zetu. Ikifika Juni ni zamu ya Glastonbury. La kwanza liko jangwani Indio, jimbo la California, Marekani. La pili liko kwenye shamba la ng'ombe kijijini Pilton, Uingereza. Ukiyaangalia harakaharaka unaona kitu kimoja: jukwaa, taa na watu wanaoruka. Ukiyaangalia vizuri, unaona tabia mbili.

Mwingereza huenda Glastonbury kama mtu anayehamia shambani. Hubeba hema, gambuti za matope, chakula chake, hata bia yake, mradi isiwe kwenye chupa ya glasi. Hulala hapo siku kadhaa, na mvua ikinyesha inanyeshea wote, tajiri na maskini. Mmarekani wa Coachella yuko kwenye uwanja wa polo uliotunzwa vizuri. Chakula na kinywaji hununuliwa humo ndani, pombe ni ya waliofikisha miaka 21, na kuna tiketi ya kawaida na ya VIP kila moja na eneo lake. Waingereza nao si malaika. Tiketi ya Glastonbury ya 2025 ilikuwa pauni 373.50, na hiyo ni kabla ya ada ya kuitoa. Ukiibadilisha kwa shilingi utakaa chini kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo tamasha hizo mbili zinakubaliana. Coachella utaruhusiwa kuingia na chupa yako ya plastiki ikiwa tupu, kisha uijaze ndani bila kulipa. Glastonbury kuna mabomba ya maji ya bure kila upande, na wafanyakazi wa kujitolea wa shirika la WaterAid husimamia vibanda vya maji. Mwaka 2019 waandaaji wake waliacha kabisa kuuza chupa za plastiki za kutumia mara moja. Kwa hiyo hata kule kwenye VIP na bei za kutisha, maji hayauzwi kwa lazima.

Hawakufika hapo kwa kuwa na roho safi tu. Kuna historia, na inaanza na wafugaji wawili wa ng'ombe wa maziwa.

Wa kwanza ni Max Yasgur wa Bethel, New York. Agosti 1969 alikodisha shamba lake kwa tamasha la Woodstock. Walitokea zaidi ya watu 400,000, barabara zikafunga, chakula kikaisha. Yasgur aliposikia kwamba baadhi ya majirani wanawauzia vijana maji, alikasirika. Yeye akawapa maji bure, na maziwa pia. Wa pili ni Michael Eavis wa Pilton. Mwaka uliofuata, Septemba 1970, aliandaa tamasha lake la kwanza kwenye shamba la familia. Walikuja watu kama 1,500. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na ndani ya hiyo pauni kulikuwa na maziwa ya bure kutoka kwa ng'ombe wake. Hiyo ndiyo Glastonbury ambayo leo hupokea watu wapatao 200,000.

Sasa ruka miaka thelathini kutoka kwa Yasgur. Julai 1999 Wamarekani waliandaa Woodstock nyingine, safari hii kwenye kituo cha zamani cha jeshi la anga mjini Rome, New York. Hakukuwa na kivuli, chini kulikuwa na lami, na joto lilikaribia nyuzi 38. Watu walinyang'anywa maji yao langoni. Ndani chupa moja iliuzwa dola nne, bei ambayo wakati huo ilikuwa wizi wa mchana, na foleni za mabomba ya bure zilikuwa ndefu mno. Usiku wa mwisho vijana waliwasha moto, wakavunja vibanda, wakaangusha minara. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo uhalifu mbaya dhidi ya wanawake ambao hakuna kiu inayoweza kuutetea. Lakini muulize yeyote aliyekuwepo alichukia nini kwanza, na ile chupa ya dola nne itatajwa.

Jina lilikuwa lilelile, Woodstock. Kilichobadilika ni jinsi mwenye tamasha alivyomtazama mgeni wake. Yasgur aliona watoto wa watu wenye kiu. Wa 1999 waliona soko lililofungiwa ndani ya ua.

Waandaaji wengi wa kwetu wamechagua kufuata Woodstock ipi? Jibu unalo. Tumeiga VIP, tukaongeza VVIP, tumeiga bangili za mkononi na mabango ya wadhamini. Tumeiga kunyang'anya chupa mlangoni. Bomba ndilo tulilosahau kuiga.

Na mimi ninayeandika haya natoka Kithyoko, ndiyo maana linaniuma. Huku kwetu, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya maji. Bwawa la Masinga haliko mbali, limekuwepo tangu 1981, maji yake yanazalisha umeme unaowasha hizo spika za mjini. Bado kuna nyumba ambazo mtungi wa lita 20 unafika kwa punda. Tumekua tukichimba mchanga wa mto uliokauka ili tupate maji, tukichota silanga, tukipanga foleni kwenye kioski. Lakini mgeni akiingia bomani, hata kama mtungi umebaki nusu, anapewa kikombe kabla hajaulizwa shida yake. Susu yangu angekuona umemtoza mgeni pesa ya maji, hiyo stori ungeisikia mpaka harusi yako.

Tena muziki wa nje si kitu tulichofundishwa na Wazungu. Wakamba walikuwa na kilumi, ngoma ya tiba na ya kuomba mvua. Watu walikusanyika uwanjani, ngoma zikapigwa, akina mama wakacheza, na shida iliyowatoa nyumbani mara nyingi ilikuwa maji. Hebu fikiria wajukuu wa watu waliocheza ili mvua inyeshe wanaanguka kwa kiu mbele ya jukwaa.

Najua waandaaji watasema nini, na wana haki ya kusikilizwa.

Watasema shoo ni hasara tupu: jukwaa, jenereta, ulinzi, leseni, msanii anayetaka malipo kabla hajapanda gari. Mauzo ya vinywaji ndiyo yanayowaokoa. Sawa. Uzeni soda, uzeni bia, uzeni hata maji baridi ya chupa kwa anayeyataka. Lakini tupige hesabu. Lori moja la maji la lita 10,000 linatosha watu 5,000, kila mmoja akinywa lita mbili. Lileteni, liunganisheni na mabomba kumi, wekeni kibao. Ikiwa bajeti ya shoo yenu haiwezi kubeba lori moja la maji, basi hiyo shoo haiko tayari.

Watasema chupa ni silaha na watu huficha pombe ndani yake. Kweli, hutokea. Ndiyo maana sheria ni chupa tupu ya plastiki. Baunsa anaigeuza juu chini, haitoki kitu, pita. Hilo ni jambo la sekunde tano.

Watasema maji ya tangi yanaweza kuleta kipindupindu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na kila mtu wa huku anaijua. Jibu lake ni afisa wa afya ya umma kuyapima na kuyatia dawa kabla ya lango kufunguliwa. Hatari ya maji machafu haiondolewi kwa kuwanyima watu maji.

Kwa hivyo ombi langu siwaelekezei waandaaji peke yao. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyohiyo, kwenye Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya burudani za umma na leseni za pombe. Kaunti ya Machakos inapenda kujiita nyumbani kwa burudani. Ina People's Park, na wikendi za raga ya Masaku zimewahi kuujaza mji mpaka gesti zikaisha. Basi iwe ya kwanza kuandika sharti moja kwenye kibali: hakuna shoo ya nje bila maji ya bure ya kunywa. Uingereza na Wales waliliwekea hili sheria mwaka 2010: anayeuza pombe kwa leseni lazima atoe maji ya bomba bure kwa mteja anayeomba, pale maji hayo yanapopatikana. Kama anayekuuzia bia analazimika kukupa maji, sembuse aliyekufungia kwenye ua juani kwa saa kumi?

Na tusingoje. Agosti 1988 mashabiki wawili walikufa kwenye msongamano wa tamasha la Donington, Uingereza. Mwaka 1993 wakatoa mwongozo wa usalama wa tamasha, ukiwa na maelekezo ya umati, ya vyoo na ya maji ya kunywa. Ulitoka miaka mitano baada ya mazishi. Wamarekani walipoteza watu kumi kwenye tamasha la Astroworld mjini Houston, Novemba 2021, wa mwisho kwa umri akiwa mtoto wa miaka tisa. Sisi wenyewe Desemba 2025 tulimpoteza mwanafunzi wa chuo kikuu baada ya msukumano milangoni, siku ya shoo ya Asake uwanjani Nyayo, Nairobi. Hao hawakufa kwa kiu. Lakini lango na bomba ni mtihani mmoja: umempangia nini huyu mtu baada ya kuchukua pesa yake?

Upande wetu pia kuna kazi. Sisi ndio tunaouliza nani anapiga shoo na tiketi ni ngapi, halafu tunanyamaza. Bango likipostiwa, swali la kwanza kwenye komenti liwe: maji yako wapi? Waulize kabla hujalipa. Wakikujibu, nenda ukafurahie. Wakikaa kimya, hiyo nayo ni jibu. Na wewe unayepanga shoo ndogo uwanja wa shule au kiwanja cha soko huku mashinani, usingoje kaunti. Tangi la lita elfu moja na vikombe vinavyooshwa vinatosha kuanzia.

Mbogi yetu inapanga kwenda shoo nyingine mwezi ujao. Yule msichana aliyeanguka anakuja, na ndiye anayeshika pesa safari hii. Kabla hajatuma hata shilingi aliwapigia waandaaji simu akauliza kama kuna bomba ndani. Aliyepokea alinyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kuulizwa hilo swali, atamuuliza bosi.

Tunasubiri jibu. Pesa ya tiketi bado iko kwa simu yake.