Tuwakumbuke Wazee Wetu Jinsi Walivyokuwa



Tarehe 1 Agosti katika nchi yetu ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi tunachukua majembe na mapanga, tunakwenda makaburini kufyeka majani. Mchana tunarudi nyumbani kukaa na wazazi walio hai. Siku chache kabla yake, Dominika ya nne ya Julai, Kanisa lote linawaombea babu, bibi na wazee, kama alivyoagiza Papa Fransisko mwaka 2021. Nyakati hizi mbili zimekaribiana sana, nami nauliza: tukisimama mbele ya kaburi, tunamkumbuka nani hasa?

Nimehudhuria matanga mengi hapa Kisangani. Siku hizi tunashona nguo za kitambaa kimoja, tunachapisha fulana zenye picha ya marehemu, na mjane anabaki na deni. (Silaumu kutoka mbali, fulana ya namna hiyo ninayo nyumbani.) Kisha husimama msemaji, naye husema kwamba marehemu alipenda watu wote na hakugombana na mtu yeyote. Hotuba hizo zinafanana kiasi kwamba ungeweza kubadilisha picha ukaacha maneno yale yale.

Hivyo ndivyo tulivyomzika baba yangu huko Yahuma. Alikuwa katekista wa kikanisa cha kijiji. Watu walimwita Mwalimu. Dominika ambazo padri hakufika, na zilikuwa nyingi, yeye ndiye aliyeongoza sala. Siku ya maziko walisema hakuwa na kosa. Mimi mwenyewe, mwana wake mkubwa, niliyesomea ualimu na kuzoea kusema mbele za watu, ndiye niliyesema hivyo kwa sauti kuliko wote. Mdogo wake, baba yetu mdogo, aliketi pembeni akitazama chini. Hakusema neno.

Jioni nilimfuata. Akaniambia jambo ambalo mama alilijua na sisi watoto hatukuambiwa: kwa miaka kumi na mmoja baba hakumsalimu. Sababu ilikuwa michikichi iliyoachwa na babu yetu. Baba alishika yote, akisema yeye ndiye mkubwa. Kila Dominika katika miaka hiyo aliwafundisha watoto wa kijiji sala ya Baba Yetu, pamoja na lile ombi la kusamehewa kama tunavyosamehe, na mdogo wake aliketi kwenye benchi la nyuma akimsikiliza. Kisha mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, baba aliingia uani kwa mdogo wake akiwa na kidumu cha mawese. Aliketi kwa muda mrefu bila kusema. Mwishowe akaomba maji ya kunywa. Baba mdogo akampa. Juma lililofuata walikwenda wote wawili kuigawa ile michikichi.

Niliposikia hayo niliona aibu, nayo haikuwa kwa ajili ya baba. Niliona aibu kwa hotuba yangu. Nilikuwa nimemnyang'anya tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, kwa maana mtu asiye na kosa hana haja ya kubeba kidumu na kwenda kuomba maji.

Wengine watanijibu kwamba marehemu hasemwi vibaya. Ni kweli, kusengenya ni dhambi, hata anayesengenywa akiwa kaburini. Tena yako mambo ambayo yakitajwa hadharani yatawaumiza walio hai. Hayo yabaki kwa padri na kwa Mungu. Lakini someni sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Askari wa Yuda walipokwenda kuwachukua wenzao waliouawa vitani, walikuta chini ya nguo za kila mmoja wao hirizi za miungu ya Yamnia. Yuda hakuzificha, wala hakuwaacha watu wake. Alichanga drakma 2000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi. Kanisa linapotufundisha kuwaombea marehemu, linasimama juu ya ukurasa huo. Ikiwa babu yako hakuwa na kosa lolote, basi nia ya Misa unayompelekea padri ni ya nini?

Hata utaratibu wa Misa wa Zaire, ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, unapowaita wahenga pamoja na watakatifu, unawaita wale waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Kutafuta ni safari, na safarini mtu huweza kupotea njia akarudi.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja kabla ya kununua mishumaa ya mwaka huu. Nendeni kwa mzee aliye hai, mkachukue daftari, mkamwulize juu ya yule aliyelala: alifanya kazi gani, aliogopa nini, alikosana na nani, walipatanaje. Msimkatize anapoanza kurudia habari. Wengi wenu mmezaliwa hapa mjini, na njia ya kwenda kwa babu zenu ni ndefu, kwa mto na kwa pikipiki. Lakini simu mnazo, nami naona jinsi mnavyozitumia.

Wanangu walikuwa wakiitazama picha ya babu yao ukutani kama wanavyotazama kalenda. Nilipowasimulia habari ya kidumu, mdogo kabisa aliniuliza: "Siku ile babu alivaa nini?" Sikujua. Tukampigia baba mdogo simu. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza hata nikadhani mtandao umekatika.

"Alivaa shati lake jeupe la Dominika," akasema. "Na siku ile ilikuwa Jumanne."