Mkataba kwanza, fedha baadaye

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Kikuubo na Nairobi wanaoagiza bidhaa Guangzhou na Yiwu huhesabu nauli, ushuru na bei ya kontena. Ni wachache wanaohesabu hasara ya mkataba mbovu. Malipo ya awali hutumwa kwa kuaminiana tu, na mzigo ukifika pungufu mnunuzi hukimbilia mahakama ya kwao.

Hapo ndipo anapokwama. Hukumu ya Dar es Salaam au Kampala haitekelezwi kwa urahisi nchini China. Tuzo ya usuluhishi ina njia iliyo wazi zaidi, kwa kuwa China ilijiunga mwaka 1987 na Mkataba wa New York wa 1958, ambamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi nazo zimo.

Basi kipengele cha usuluhishi kiandikwe kabla ya fedha kutumwa. Mkataba uwe na nakala ya Kichina, jina la kampuni kama lilivyosajiliwa na muhuri wake rasmi. Sahihi ya muuzaji peke yake isitegemewe. Vyama vya wafanyabiashara vya ukanda huu viandae mkataba mmoja wa mfano, ili mwenye duka dogo naye alindwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari.