Miadi ya Muuguzi na Lugha ya Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Katika zahanati, deni hilo huandikwa kwenye kadi: siku ya mama mjamzito kurudi kupimwa, siku ya mtoto kuchanjwa, siku ya kuchukua dawa za kifua kikuu. Je, deni hilo litalipwaje iwapo mdaiwa hakuelewa alichoahidi?

Swali hili lina uzito wa pekee Garissa, Wajir na Mandera. Wakazi wengi wa huko huzungumza Kisomali, ilhali kwa miaka mingi hospitali zao zimetegemea pia wauguzi kutoka sehemu nyingine za nchi. Aghalabu, kati ya muuguzi na mgonjwa husimama mkalimani wa bahati: jirani, bawabu au mtoto wa shule. Mama hulazimika kutaja siri za uzazi mbele ya mwanawe, naye mtoto hufasiri kile tu asichokionea haya. Baada ya mashambulizi ya Mandera ya Novemba na Desemba 2014, wahudumu wengi wasio wenyeji waliondoka, na pengo likazidi kupanuka.

Wapo watakaodai kwamba Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, hivyo basi mgonjwa ajifunze. Hoja hiyo ni dhaifu. Kifungu hicho hicho cha 7 kinaitaka serikali ilinde lugha anuwai za wananchi, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya. Uchungu wa uzazi haumsubiri mtu amalize ngumbaru.

Fauka ya lugha, kuna suala la kalenda. Mfugaji huhama kufuata mvua za gu' na deyr; tarehe ya kadi haiwezi kushindana na kisima kilichokauka. Wajir ilikwisha kuonyesha njia. Kuanzia mwaka 1976, Annalena Tonelli, Mtaliano aliyeuawa mjini Borama mwaka 2003, aliwatibu wafugaji wenye kifua kikuu kwa kuwaruhusu wajenge vibanda vyao karibu na kituo na kukaa humo kwa miezi sita, wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Huduma ilifuata desturi ya mgonjwa, na matibabu yakakamilika.

Idara za Kiswahili zina deni lao katika jambo hili. Neno afya na neno caafimaad la Kisomali yana asili moja ya Kiarabu, kama yalivyo dawa na daawo. Ballan kwa Msomali ni miadi, na ni ahadi vilevile. Mwanafunzi wa isimu akiketi na muuguzi na mkunga wa kijijini, wanaweza kutunga faharasa ndogo ya maneno ya kliniki kwa lugha hizi mbili. Kozi za ukalimani nazo zifundishe kutunza siri ya mgonjwa, na kaunti ziajiri wakalimani kwa mshahara kama wahudumu wengine.

Tasnifu kuhusu vitenzi na ngeli ziendelee kuandikwa, maana zina manufaa yake. Hata hivyo, maadamu kuna mama Garissa anayeondoka na kadi asiyoielewa, kazi ya mwanaisimu katika nchi hii haijakamilika.