Wokovu Haununuliwi kwa Wema

Katika matanga ya mitaa ya kusini mwa Bujumbura, Kibenga ikiwa mojawapo, aghalabu husikika kauli hii: marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu hana budi kumpokea. Hutamkwa kwa mapenzi, na wafiwa hupata faraja. Lakini nani aliyemwekea Mungu sharti hilo? Twamfanya Muumba kuwa karani wa mishahara, nasi tumesimama dirishani tukidai malipo yetu.

Kwa askari na polisi fikra hiyo huingia kwa wepesi, kwani maisha yao yote hupimwa: cheo kwa utumishi, nishani kwa ushujaa, adhabu kwa kosa. Ni haki iwe hivyo, maana bila nidhamu jeshi haliendi. Tatizo huanza kipimo hicho kinapobebwa hadi kanisani. Mwenye faili safi hujiona amekwisha kuokoka. Naye aliyeshika bunduki katika vita vilivyoanza mwaka 1993, akatenda asiyoweza kumsimulia mkewe, huona mlango umefungwa. Wote wawili wamepotezwa na hesabu ile ile.

Mtume Paulo, katika sura ya pili ya waraka wake kwa Waefeso, afundisha kuwa wokovu ni kipawa wala si ujira wa matendo, asije mtu akajivuna. Hapa Burundi lugha yatusaidia. Kirundi huiita neema "ubuntu", na kitu kitolewacho bure husemwa kimetolewa "ku buntu". Mama auzaye ndagala anajua vema tofauti ya kuuza na kutoa!

Serikali nayo ina msamaha wake. Mwezi Machi 2021 Rais Évariste Ndayishimiye alitia saini amri iliyowasamehe wafungwa zaidi ya 5,000, wala hawakuununua msamaha huo. Hata hivyo mfano huu una mpaka, maana amri ile ilitaja nani ahusike na nani asihusike. Injili haina orodha kama hiyo.

Jirani zetu wa Rwanda waliwahi kuonja jambo hili. Katika hospitali ya misheni ya Gahini alikuwapo msaidizi mkuu aitwaye Yosiya Kinuka. Kazi ilikuwa imeharibika, watumishi hawapatani. Mwaka 1931 alikwenda Kampala, akakaa na Simeoni Nsibambi, akamweleza mabaya yote ya Gahini. Pengine alitarajia kuhurumiwa. Nsibambi alimjibu kwamba chanzo ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Si neno jepesi kumwambia mtu aliyekuwa Mkristo tayari, mwenye cheo na kazi ya kuponya wagonjwa. Akiwa njiani kurudi alijisalimisha kwa Kristo, na baadaye akawa kasisi. Moto huo ulienea Uganda, na katika miaka ya 1930 ukafika kwetu pia, kwenye misheni za Buhiga na Matana.

Wako wasemao: kama wokovu ni bure, basi na tutende tupendavyo. La hasha. Walokole wale walijulikana kwa kurudisha mali waliyoiba na kuwaomba radhi waliowakosea, ilhali hakuna aliyewaahidi malipo. Ni kweli pia kwamba baadhi yao waligeuza toba ya hadharani kuwa kipimo kipya, wakawadharau wasioungama kwa sauti kama wao. Wema una ujanja. Ukifukuzwa mlangoni hurudi kwa dirisha, safari hii umevaa joho la unyenyekevu.

Tena lisemwe bayana: neema haifuti mashtaka mahakamani, wala haimpi mtu ruhusa ya kumwambia mjane anyamaze. Aliyesamehewa na Mungu angali anadaiwa ukweli na wale aliowaliza. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, imefukua makaburi ya halaiki katika mikoa kadhaa, na familia nyingi hazijajua wapendwa wao walizikwa wapi. Anayetegemea sifa yake njema hawezi kuonyesha mahali, kwani siku atakapoonyesha atakuwa amepoteza kila kitu. Anayetegemea neema anaweza kwenda kuonyesha.